Kuanzia Shingoni

Nezahat huanza shingoni, akashuka:
vitanzi tisini na sita, sindano ya mviringo,
mistari minne ya mshazari ikikimbilia kwapani
kama vijia vya mbuzi kwenye vilima vya Güdül.

Mikono kaitunga kwenye uzi mwekundu, kando.
Ingoje. Kiwiliwili kwanza.

Leo kaona kosa, safu ya arubaini:
juzi, simu ilipolia kutoka kambini Erzurum,
aliongeza vitanzi mara mbili.
Afumue? Singa za mbuzi hazifumuki,
zimeng'ang'aniana kama ndugu wenye kesi ya shamba.

Anasogeza taa. Anahesabu tena.
Paka amelalia bonge la uzi.

Bega la kushoto litazidi kidogo.
"Basi," asema. "Tangu darasa la kwanza
Tuncay hubeba mkoba bega hilo."