Hapo Hapo, Usiguse

Baba aliuza cherehani ya mama
akarudi na televisheni ya chogo begani,
toka Barabara ya Nane hadi kwetu, ya Kumi na Nne,
anatweta, anacheka, anaita majirani.
Mama hakucheka.
Alitazama sakafu pale cherehani ilipokuwa,
alama nne za miguu yake,
akachukua ufagio, akafagia pasipo na taka.

Tangu siku hiyo maneno yao yalipita kwangu.
"Mwambie baba yako chumvi imekwisha."
"Mwambie mama yako nimesikia."
Vyumba viwili, na mimi posta
isiyouza stempu.

Lakini antena haingoji tarishi.
Baba uani, kaukumbatia mwanzi,
juu yake waya, uma mbili, mfuniko wa sufuria;
mama ndani, uso kwa uso na chenga.
Mwanzi ukigeuka, jibu latakiwa papo.
Basi akapaza sauti, mwenyewe, bila mimi:
"Bado! Rudisha! Umepitiliza, Singano!
Hapo! Hapo hapo, usiguse!"

Miezi saba hakuwa amelitaja jina hilo.

Usiku wa joto, upepo ukilala,
tulinasa hadi Pemba, hadi Mombasa,
Bi Mwanamkasi akatuambia ukutani tunaiba mawimbi ya watu.
Nami siku moja, nikiokota ndimu chini ya mwanzi,
niliona baba kauchora kwa kisu:
mkwaruzo wa habari, mkwaruzo wa mpira, mkwaruzo wa Pemba.
Alipajua.
Alipajua, na kila jioni akapapitiliza.

Kisha likapita gari lenye kipaza sauti:
analojia inazimwa, nunueni ving'amuzi.
Mnara mpya ukaanza kujaribiwa
wa zamani ukiwa bado unapumua.
Msoma habari akaota kichwa cha pili,
goli moja likaingia mara mbili,
na taarabu ikakaangwa kama dagaa, chaa chaa chaa,
usisikie nani kamwacha nani.
Fundi Mhando akaja toka Chumbageni,
akagonga chogo, akasikiliza, akalipwa chai.
"Antena haina kosa," akasema.
"Kuna mgeni anaongea kwa nguvu kuliko mwenyeji."

Jioni zile ndizo nilizopenda.
"Bado," mama akisema. "Bado. Bado, Singano.
Jaribu kwa Amboni. Jaribu baharini. Bado, baba we."
Saa nzima. Saa na nusu.
Wali ukashika ukoko, hakuna aliyelaumu.

Usiku walipozima
baba aliuzungusha mwanzi mzunguko mzima,
mikwaruzo yote ikapita, ikarudi.
"Acha," mama akasema, taratibu, dirishani.
"Acha. Kumekufa."

King'amuzi kilikuja kwa fedha za kikoba.
Picha safi, unahesabu ndevu za waziri.
Hakuna wa kutoka nje.
Wamekaa mkeka mmoja, rimoti katikati,
na mama ananiambia, mimi,
"Mwambie baba yako apunguze sauti."

Mwanzi wakaung'oa. Uma zikarudi jikoni, moja imepinda.
Mfuniko haukuikaa tena sufuria yake.
Mwanzi wenyewe ukapewa kazi ya kuinua kamba ya nguo,
kanga zisiburuze mchangani.

Juzi kifurushi kimekwisha, mwisho wa mwezi, hakuna senti.
Kioo kikawa buluu tupu: hakuna mawimbi.
Nikasubiri nitumwe.
Baba akainuka, akavaa kandambili,
akatoka uani gizani.
Nikamsikia anaushika mwanzi.
Kamba ikalia, kanga mbili mbichi zikapanda, zikashuka,
akageuza kidogo, akangoja,
akageuza tena.

Mama hakugeuka kutazama nje.
Macho kwenye buluu ile, isiyo na kitu, isiyo na mtu,
akavuta pumzi, akaita:

"Umepitiliza."