Ukubwa wa Kiganja

Manila moja hutoa vipande ishirini na vinne
ukikata kwa wembe mpya na mkono usiotetemeka.
Viwili huharibika. Kimoja humwendea mwanangu Nzilwa
anayechora kuku wenye miguu sita
kisha akaniambia wangu ndio waliolemaa.
Vinavyobaki ni kazi.

Nakaa Ng'ambo, chumba cha uani,
mlango ukitazamana na cherehani ya Mama Shija.
Nachora kilicho mbele yangu:
kiatu cha mtoto kinachokauka juu ya tofali,
mzinga wa gome uliofungwa kwenye baiskeli,
kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni.
Bluu huisha kwanza. Siku zote bluu,
na mji huu hauna ziwa!
Nilichelewa kugundua kwamba ni vivuli.
Vivuli vya Tabora hula bluu kama moto ulavyo mkaa.

Usiku treni ikiingia stesheni
mabehewa hukatwa, haya ya Mwanza, haya ya Kigoma,
na vyuma vikigongana gizani
nina robo saa, au zaidi,
inategemea injini na Mungu.
Wenzangu huinua asali, karanga,
mayai ya kuchemsha na chumvi ya bure kwenye gazeti.
Mimi huinua ubao wa picha,
simu ikiwaka tochi kati ya meno.

"Hiki? Elfu mbili? Kidogo hivi?"
Natoa simu mdomoni.
"Tiketi yako ina ukubwa gani, kaka?"
"Huna simba?"
"Simba namjua kwa noti ya elfu mbili tu,
na hakai kwangu muda wa kumchora."
Behewa zima likacheka.
Kicheko hakinunui bluu.
"Na hapa pembeni pana doa."
"Si doa. Ni wingu. Ndilo jina langu, Kalunde."
Akalitazama wingu, akanirudishia,
akanunua mayai mawili.

Daftari: Jumanne, vitatu.
Toa bajaji. Toa brashi iliyoota upara.
Alhamisi, kimoja, kwa mkopo, kwa mwalimu
ambaye tangu hapo hupita barabara ya nyuma.
Dada yangu huuliza kwenye simu nitatafuta kazi lini.
Namjibu nimetoka kazini sasa hivi,
vidole vina njano hadi kwenye ugali.

Mwezi wa tatu, matope yakiwa bado mazito,
mtu alibisha, ameshauliza nyumba tatu.
Lugendo, fundi wa breki.
Alivua kofia, akachomoa kutoka kwenye bitana
kikombe changu cha bati.
Sikumkumbuka yeye. Mimi hukumbuka picha.
Mvua ilikuwa imeingia: kivuli kimetiririka,
kikombe kinaelea hakina meza.

"Nitakuchorea kingine," nikasema, "elfu mbili."
Akatikisa kichwa.
"Hiki kimefika Kigoma mara arobaini.
Kipya hakijui njia.
Kirudishie kivuli tu."

Nikalowesha brashi.
Bluu ilikuwa imebaki kama kope ya jicho
kwenye kona ya kifuniko.
Nilitaka kukirudisha kivuli mahali pake
lakini karatasi ilikwisha kuzoea mahali pengine,
nikakifuata huko maji yalikokisukuma,
nikakiwekea ukingo, basi.
Nzilwa akachungulia begani kwangu:
"Mama, kikombe kinatembea."

Nikamwambia mia tano. Hakuomba apunguziwe.
Alikipepea kwa kofia hadi kikakauka,
akakirudisha kwenye bitana, akavaa,
akaenda akikwepa madimbwi
kama mtu aliyebeba uji kichwani.

Jioni nilifungua daftari.
Nikaandika: kivuli kimoja, mia tano.
Kalamu ikabaki juu juu.
Nina safu ya picha,
nina safu ya madeni,
na ya tatu, ya vilivyoharibika.
Sikujua niweke wapi.