Saa Arobaini na Moja

Kiti cha kwanza alimuuzia daktari wa meno,
yuro mia na themanini, taslimu,
na chupa ya mvinyo mweupe juu yake.
Nives akarudi karakana anapiga mluzi.
Mimi nikafungua daftari.

Mbao za mjozi, hamsini na tano.
Gundi, msasa, mafuta ya kitani: kumi na moja.
Saa arobaini na moja. Nilizihesabu mwenyewe,
nimekalia ndoo ya rangi, nakunywa kahawa yake.
Nikatoa, nikagawanya:
yuro mbili na senti sabini na nane kwa saa.
Msichana anayepanga viatu dukani kule Udine
anapata mara tatu yake,
na hapigi chafya za vumbi la mbao.

“Kizuri chajiuza,” akasema.
Binamu, nikamwambia, kizuri chako kimejikalia
sebuleni kwa daktari wa meno,
na wanaokikalia wamefumba midomo kwa ganzi.
Nani atalitaja jina lako?

Mji wetu uliishi kwa viti.
Mjomba Bepi, baba yake, alitoboa matundu ya miguu
miaka thelathini na mmoja,
tundu, tundu, tundu,
na ncha ya kidole cha shahada ikabaki kiwandani.
Kiwanda sasa ni cha njiwa.
Ndiyo maana Nives hakupenda neno oda.
Alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya limau.

Mwezi wa pili ikaja barua kutoka hoteli moja ya Trieste:
viti sitini, kabla ya Pasaka,
ila mguu wa nne uongezwe, kwa usalama.

Hakulala. Alinipigia simu saa nane ya usiku.
Mitatu haitikisiki, alisema, hata sakafu iwe mbovu;
chungu hukaa juu ya mafiga matatu
na hakijawahi kuomba la nne.
Asubuhi nikamwendea, nikaketi kwenye kiti chake,
nikajinyoosha pembeni kuchukua simu yangu sakafuni
kama mgeni yeyote wa hoteli.
Nilianguka na kiti. Kiwiko kilivimba wiki nzima.

Alinitazama pale chini kwa muda.
Hakunipa mkono. Alichukua penseli.

Kisha kalibu, ya kupinda migongo yote kwa kipimo kimoja.
Kisha mkopo, na mashine inayonguruma,
na Senad, kijana wa Kibosnia, mwenye jicho la milimita.
Saa arobaini na moja zikawa tisa.
Niliandika bei: mia nne na sitini.
Akaifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni,
na siku ya simu yenyewe akasema, “Mia nne na—”
akaimeza sitini.
Nikamkanyaga mguu.
Akaitapika.

Jambo moja lilinishinda.
Chini ya kila kiti, ukingoni, pale vidole hujificha
mtu anapojivuta karibu na meza,
anachonga kwa mkono kibonyeo cha ukubwa wa dole gumba.
Hakionekani. Hakimo kwenye mchoro wa hoteli.
Kinakula dakika ishirini, mara sitini.
“Mali bila daftari,” nikaanza.
“Basi kiandike.”
Safu gani?
“Wewe ndiye mhasibu.”

Siku ya kupakia lori, Mjomba Bepi alikuja na fimbo yake.
Akaketi kwenye cha kumi na saba, kilichokuwa karibu na mlango.
Nikaona mkono wake ukishuka,
kile kidole kifupi kikapapasa chini ya ukingo,
kikapotea humo, kikatulia.

“Mnauza shilingi ngapi?”
Bado huita kila fedha shilingi, kama babu yake enzi za Austria.
Nives akamjibu, safari hii bila kumeza kitu.

“Ghali,” akasema.
Dereva akapiga honi.
Mzee hakuinuka.