Msanii Hajulikani

Saa nane na robo mashine imemaliza.
Faili nene kumi na saba ziliingia,
nyembamba kumi na saba zimetoka,
zinatosha sasa kwenye simu ya batani
ya mtu wa Kigwe anayechaji kwa jirani.
Sauti zimefika salama.
Majina ndiyo yamefia njiani.

Soma mwenyewe:
Wimbo 01. Msanii Hajulikani. Mwaka 1970.
Wimbo 02, vilevile.
Wimbo 03 umepewa kwaya ya mteja wa jana
pamoja na picha yao, suti za bluu, mikono vifuani.
Aina ya muziki: Bluzi.
Bluzi!
Muheme huo, wanawake wa Kigwe,
ngoma kati ya magoti, vumbi hadi kwenye kope.

Na pale nilipoandika Chang'ombe, mtaa wangu,
kile kikoma cha juu kimetafunwa.
Chang?ombe.
Kama vile mtaa wenyewe hauna hakika.
Ng?ombe. Ng?ambo. Kung?oa.
Kila penye pua ya lugha yetu
mashine imeuliza swali.

Sechelela amekaa juu ya ndoo niliyoipindua,
mfuko wa kaseti mapajani,
kaseti zenyewe zimeandikwa kwa kalamu ya risasi
na mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda shamba.
Hanilaumu. Anakula zabibu, anatema mbegu kiganjani,
anangoja mama yake arudishiwe jina.

Nimejaribu ile programu inayosikiliza na kubahatisha.
Ilifikiri, ikazunguka,
ikamtaja kwa adabu zote
mpiga filimbi wa nchi ya barafu.

Basi nikafanya uvivu. Nakiri.
Nikachagua zote kumi na saba kwa mkupuo,
nikaandika Perisi Nhonya, nikabonyeza,
zikajipanga safi kama wanafunzi mstarini.
Bei ni ileile, nilijiambia, na foleni ipo nje.

Sechelela akasogea.
"Wa tisa si mama."
Nikamwuliza anajuaje, sauti zote zimebanwa,
kaseti yenyewe ilishaliwa na joto.
"Mama hakuwahi kuanzia chini hivyo.
Mama alikuwa anaingia kama mtu anayefukuza mbuzi."

Nikafuta. Nikavaa spika za masikioni.
Dawa ni hii tu, haina njia ya mkato:
kukaa na kila mmoja mpaka aseme yeye ni nani.
Wa kwanza anakohoa kabla ya kiitikio: Perisi.
Wa nne, mtoto analia, mtu anasema *mpe uji*:
Perisi tena, na mtoto huyo, kumbe, ndiye huyu
anayetema mbegu dukani kwangu.
Mwaka si 1970. Huo ni mwaka wa mashine,
sifuri yake, siku aliyoanza kuhesabu.
Perisi alikuwa bado anachunga ndama.
Andika 1998, anasema, mvua za El Nino,
uwele ulioza, tukaimba hivyohivyo.

Nje upepo wa Julai unaburuta mabati.
Treni inapiga honi stesheni.
Nimerudisha vikoma, kimoja kimoja,
kama mtu anayepachika vifungo kwenye shati la marehemu,
hapana, shati la mtu atakayelivaa kesho.

Ukabaki wa tisa.
Sauti nzito, inaanzia chini, haina haraka,
mwishoni inasema *mbukwenyi*
kwa mtu ambaye kinasa sauti hakikumsikia akijibu.
Sechelela hamjui. Alimpigia shangazi, hamjui naye.
Kidole changu kikaelekea kwenye yale maneno ya mashine,
akakishika.
"Hajulikani na nani? Kigwe nzima ilikuwa inamjua."

Kwenye nafasi ya msanii tumeandika:
*Aliyesimama karibu na mlango.*
Herufi zote zimekubali.
Kwenye nafasi ya maoni, namba ya simu ya Sechelela.