Dadu ya Ndala

Dadu ya kwanza niliichonga kwa mvule.
Iligonga dawati ta! ta! ta!
mwalimu mkuu akachomoza shingo dirishani:
"Kyakimwa, umewafungulia watoto kamari?"
Ya pili, basi, nimeikata kwenye kisigino cha ndala.
Huanguka kama paka.

Ubao wenyewe ni mfuko wa saruji wa Hima,
nimeukung'uta mara saba na bado unanitia chafya.
Vyumba sitini, kutoka theluji ya Rwenzori
juu kabisa, kando ya namba ya kiwanda iliyokataa kufutika,
hadi ziwani, pembeni, pale karatasi ilipotoboka.
Kila mtoto ni tone la maji. Kete ni vifuniko vya soda.

Jua limekuchoma: ruka hadi wingu.
Wingu limepoa: anguka.
Umenywewa na mbuzi: kosa zamu mbili.

Wazo si langu. Nimeliiba stendi ya bodaboda,
njia ya Kilembe, nilipowakuta wanafunzi wangu watano,
saa ya sayansi,
wakiitazama ludo ya wakubwa
kwa macho ambayo chaki yangu haijawahi kuyaona.
Muhula mzima nilikuwa nimewaimbisha:
maji huwa mvuke, mvuke huwa wingu.
Waliimba. Wakapata nane juu ya kumi.
Kufikia Jumamosi wamesahau.

Leo Kabugho, asiyeinua mkono tangu Februari,
kifuniko chake kimekwama chumba cha arobaini:
"Mwalimu, na mbuzi akikojoa je? Si ninarudi mtoni?"
Darasa likapasuka.
Nikatafuta kalamu, nikaongeza kwa herufi za kubanana:
Mbuzi amekojoa. Endelea na safari.

Kisha ikaja zamu ya Thembo.
Akapata sita, na kete yake haikusogea.
"Nyamwamba haupiti hapa."
Nikamfunulia kitabu, ukurasa wa ramani.
Akautazama kama mtu atazamavyo picha ya marehemu.
"Ulipita. Mwaka ule uliochukua jiko letu, ulihama."
Akaokota kipande cha mkaa
na kuuchora mto upya, katikati ya vyumba vyangu,
ukikata namba, ukimeza jua langu moja na mbuzi wote wawili.
Mahali pamoja akainua mkaa,
akaruka upana wa kiganja, akaendelea.
Hakuna aliyemuuliza pale pana nini.

Wakaufuata mto wa Thembo.
Matone arobaini na mawili, yamepiga magoti
kuzunguka mfuko wa saruji,
yakihesabu kwa sauti ya chini kama watu walio karibu na maji.
Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, sijui tangu lini.
Hakutaja kamari.

Kengele ikalia. Hakuna tone lililoinuka.
"Mwalimu," Thembo akasema, macho kwenye ule mkaa,
"jiko letu lilifika ziwani?"

Kitabuni halimo.
Nikahesabu vyumba vilivyobaki: kumi na vinane.
Nikamwambia sijui,
nikampa dadu.