Mabano

Kazi yangu ni kuchapa mabano.
Maneno yana wenyewe, wajumbe wa nchi.
Mmoja akiguna, nafungua bano;
mwenzake akikohoa, nalifunga,
na neno lililomo hubaki hapo
kama mgeni aliyeambiwa asubiri mlangoni.

Geneva, usiku wa nne, chumba namba kumi na tisa.
Ibara ya saba: [ridhaa] ama [mashauriano].
Mawili haya yamekula saa sita,
sinia tatu za mikate ya jibini
na sauti ya mkalimani wa Kirusi,
ambaye sasa anatafsiri kwa mnong'ono.

Nyuma, kwenye viti visivyo na kibao cha nchi,
ameketi Eulogia Puca, mkata chumvi
wa nyanda za juu za Ajentina,
ambako ziwa lilikauka kabla ya kalenda
likaacha uwanda mweupe, na maji chini yake.
Kofia yake ya sufu imelala mapajani kama paka.
Kanuni zinampa dakika mbili,
iwapo wenye vibao hawana pingamizi.

Ikikaribia saa sita usiku
mwenyekiti anapanda kiti, anachomoa betri ya saa ya ukutani.
Ndiyo desturi: siku ya mwisho haiishi
mpaka tukubaliane iishe.
Watu wanacheka. Bado ni Ijumaa.

Hapo ndipo Eulogia anapewa kipaza sauti.
Karatasi anayo, haisomi.

"Mheshimiwa, hiyo betri mkononi mwako,
ndugu zake nawafahamu.
Waliokuja kuwachimbua kwetu walikuwa wapole.
Walituita kikao, wakatugawia juisi na kalamu,
wakasema magari yataacha kutoa moshi
na dunia itapona.
Tukasema dunia tunaitakia afya,
lakini maji haya, hapana.
Wakaandika: jamii imeshauriwa.
Sasa lama wangu wananusa birika
kisha wananitazama mimi.
Ukibisha hodi, nikasema usiingie,
ukaingia,
ulibisha ya nini?"

Taa nyekundu.
Mjumbe mmoja anamshukuru kwa mchango wenye hisia.
Mwingine analeta neno la tatu, refu kama treni:
[mashauriano yenye nia ya kutafuta ridhaa].
Chumba kinashusha pumzi
kama nyumba ambayo mtoto amelala hatimaye.
Wananiambia nifute mabano.
Nayafuta. Ndiyo kazi yangu pia.

Wanapeana mikono, wanatafuta makoti.
Eulogia anapita mezani kwangu,
ananiuliza ni saa ngapi.
Anataka kumpigia mwanawe,
ambaye zamu yake huisha saa sita usiku wa kwao.
Zamu gani, nauliza.
"Kwenye pampu," anasema,
akiivaa kofia taratibu. "Wanalipa vizuri."

Ukutani bado dakika moja kabla ya usiku wa manane.
Dirishani, nyuma ya ziwa, mlima umeanza kuonekana.

Ni Jumamosi, namwambia.
Mpigie. Ni Jumamosi kila mahali.