Sanduku Namba 214

Ghala la chini, kilima cha Makumbusho.
Taa moja yakonyeza, ya pili ilikata tamaa tangu Machi.
Kavinya anabandua kifuniko cha bati la biskuti,
na juu ya pamba iliyogeuka rangi ya chai
vimelala vichwa vinane vya mikuki, vya mawe.

Kibandiko: *Pango, Patagonia.
Tumepewa kwa mashoka mawili ya Olorgesailie.*
Mwandiko umelala kama nyasi zilizokanyagwa.
Tarehe imeliwa na mende.

Hajafika huko. Pasipoti yake
imegongwa muhuri mara moja tu, Namanga.

Anapima. Milimita hamsini na tatu, ncha imekatika.
Anageuza chini ya lenzi:
hapa aligonga vizuri, hapa akateleza,
hapa labda aliguna,
akaanza upya upande wa pili.

Ustadi mtu hufunzwa.
Kosa ni lake mwenyewe.

Waliochimba walipenda vitu vizima;
makombo waliyamwaga bondeni, wakapiga picha, wakaondoka.
Ila pamba haikuchagua. Imeshika
weusi kidogo, makaa,
chembe ndogo kuliko ulezi.
Kavinya anabana pumzi
asije akapuliza miaka elfu kumi.

Juu, darasa zima la watoto linapita kwa kishindo.
Dari inamwaga vumbi la Nairobi.
Anafunika bati kwa viganja vyote viwili.

Mlango unabishwa. Ni Lekishon, na funguo zake.
"Daktari, tunafunga. Umebaki peke yako."

"Ngoja kidogo," anasema.
"Humu mna mtu."